Namna ya kutengeneza mashine ya kujazia tena chupa za waini na pombe kali bila kuharibu ladha

Wakuu, hili suala la kujaza tena chupa wengi wanalichukulia kama kuchota maji, unaweka faneli unamimina basi imeisha. Kwa maji sawa. Ila waini ukiifanyia hivo umeshaiharibu palepale, tatizo haionekani siku hiyohiyo, utaionja muda huo iko vizuri kabisa alafu baada ya siku kumi unafungua inanuka kama tofaa lililopondeka likaachwa mezani. Hiyo harufu ni asetaldehidi, inatokea alkoholi ikikutana na oksijeni, na ikishaingia kuitoa nyumbani ni kazi ngumu.

Nimekaa na hii kazi muda mrefu na kitu kimoja nataka mtu ashike kabla hajanunua hata skrubu moja: kinywaji mara nyingi kinaharibikia kwenye zile sekunde 30 au 40 za kujaza kuliko kwenye tanki au kabatini. Kwa hiyo dizaini inaanzia kwenye kile kichwa kinachoingia kwenye mdomo wa chupa. Watu wanaanza na boksi zuri, skrini, vitufe, taa za bluu, kichwa chenyewe wanafunga mpira wowote uliokuwepo. Anza na kichwa, hayo mengine yatafuata.

Piga kwanza hesabu ya hewa, itakusaidia kuamua mambo mengi. Hewa ina oksijeni asilimia 21. Chukua chupa ya mililita 750, ijaze, uache nafasi ya mililita 15 chini ya kifuniko ikiwa na hewa ya kawaida, yaani nafasi ya vijiko vitatu vya chai tu. Humo kuna oksijeni kama miligramu 4, ukiigawa kwenye waini iliyopo unapata zaidi ya miligramu 5 kwa lita. Sasa kila miligramu 1 ya oksijeni inaweza kula mpaka miligramu 4 za salfa dioksaidi, ile kinga aliyoiweka mtengenezaji, na waini nyingi huwa na salfa huru kama miligramu 20 mpaka 35 kwa lita. Zidisha mwenyewe. Kale kanafasi kadogo peke yake kanaweza kumaliza karibu kinga yote, na hapo bado hatujagusa hewa iliyochanganyika wakati unamimina. Maji ya digrii 20 yakishiba hewa yanabeba oksijeni kama miligramu 9 kwa lita, yakiwa digrii 10 yanabeba zaidi ya 11, na waini ina tabia hiyohiyo, kwa hiyo waini iliyotoka kwenye friji ndo inameza hewa zaidi, ijaze ikiwa kwenye digrii 15 mpaka 20 hivi. Viwandani lengo la kawaida ni waini iingie kwenye chupa na oksijeni iliyoyeyuka chini ya miligramu 1 kwa lita. Hilo ndo lengo letu pia na linafikika nyumbani kabisa.

Hatua ya kwanza, tenga njia mbili. Usijidanganye na mashine moja ya kila kitu. Waini na pombe kali ni mahitaji tofauti kabisa. Adui wa waini ni oksijeni na bakteria wa siki. Pombe kali ya asilimia 40 bakteria hawaishi humo na oksijeni ya dakika moja haiifanyi kitu utakachokigundua mdomoni, adui zake ni alkoholi na harufu kupotea na mvuke, plastiki kuyeyukia ndani, harufu ya kinywaji kilichopita, na moto. Fremu inaweza kuwa moja, meza moja, ila mrija, valvu na kichwa kila upande uwe na vyake. Na kama unajaza vinywaji vyenye anisi au jini yenye mreteni nyingi (yale matunda madogo yanayoipa jini harufu), hivyo navyo vipe mrija wake peke yake, mafuta ya anisi yakishaingia kwenye silikoni au raba hata uoshe wiki nzima kinywaji kijacho kitanukia anisi tu.

Hatua ya pili, vifaa vinavyogusa kinywaji. Hapa usibane hela. Stenlesi (chuma kisichoshika kutu) ya daraja la 304 inatosha sehemu nyingi, ila sehemu ya juu ya tanki la waini ambapo salfa inakaa kama gesi chukua 316, maana 304 inaliwa polepole. Glasi ni salama muda wote. PTFE, ile plastiki nyeupe inayoteleza, ni nzuri sana kwa pombe kali. Shaba ya njano, yaani ile metali ya rangi ya dhahabu ya mabomba ya kawaida, usiiweke kabisa, waini ina pH (kipimo cha uchachu) kati ya 3 na 4 na asidi hiyo inayeyusha shaba iingie kwenye kinywaji, na kwenye valvu nyingi za aina hiyo kuna madini ya risasi pia.

Silikoni inachanganya watu. Ni safi, haina harufu, inavumilia joto, ila oksijeni inapita kwenye ukuta wake kirahisi sana. Kipande kifupi cha sentimita 10 kwenye maungio hakina shida, lakini ukiwa na mita mbili za silikoni alafu waini ikalala humo usiku kucha, hiyo ya kwanza kutoka asubuhi imeshakufa. Mpira wa PVC ule laini unaoonyesha ndani ndo mbaya kuliko wote kwa pombe kali. Niliwahi kuuziwa mmoja nikahakikishiwa ni wa chakula, nikaacha ramu imelala ndani yake usiku mmoja tu, asubuhi nikamimina kwenye glasi nikanusa, ilikuwa inanuka kiatu kipya cha plastiki, na mpira wenyewe ulikuwa umekakamaa kama waya. Kile kilichokuwa kinaulainisha kilikuwa kimehamia kwenye ramu. Nilimwaga yote. Tangu siku hiyo mpira wowote mpya naukata kipande, nakichovya kwenye pombe ya asilimia 40 ndani ya chupa ya glasi iliyofungwa, siku tatu, alafu nanusa na kulinganisha na pombe ambayo haijachovywa kitu. Fanya hivo na oringi pia, zile pete za raba za kuzibia maungio.

Hatua ya tatu, kichwa cha kujazia waini. Hapa twende taratibu.

Mdomo wa chupa za waini zinazozibwa na koki (kizibo cha gome la mti) una upana wa ndani wa kama milimita 18.5. Humo inabidi upitishe vitu viwili: mrija mrefu wa kushusha kinywaji mpaka chini, na mrija mfupi wa kutolea hewa. Mi natumia mrija wa stenlesi wenye upana wa nje milimita 8 na wa ndani milimita 6 kwa kinywaji, na wa milimita 6 kwa kutolea, ukiipanga ubavu kwa ubavu unapata milimita 14 na inapita bila kugusa. Yote miwili inapita kwenye koni ya raba ya chakula, koni hiyo ndo inakaa juu ya mdomo na kuziba.

Mrija mrefu ushuke mpaka ubakize kama sentimita 1 kufika kitako cha chupa, na ncha yake uikate mshazari ili isizibwe ikigusa chini, ukiweza toboa na vitundu viwili pembeni ili mkondo usambae badala ya kupiga kitako moja kwa moja. Sababu ya kushusha mrija mpaka chini ni kwamba waini inayoanguka kutoka juu inabeba hewa kama maporomoko, inayopanda kutoka chini inakutana na gesi sehemu ndogo tu ya juu.

Sasa ujanja wenyewe: juu ya ule mrija mrefu funga valvu ya njia tatu, upande mmoja kinywaji, upande mwingine gesi ya argoni, gesi isiyobadilisha kinywaji. Mrija uleule unaanza kwa kupeleka gesi chini ya chupa, hewa inasukumwa kutoka kupitia mrija mfupi, alafu unageuza valvu kinywaji kinafuata njia ileile. Hamna mrija wa tatu, na nafasi ndani ya mdomo inabaki kubwa.

Gesi kiasi gani? Watu wanasema argoni ni nzito kuliko hewa kwahiyo inalala chini kama blanketi, puliza kidogo inatosha. Sio hivo. Ni nzito kweli, kwa digrii 20 ni kama gramu 1.66 kwa lita na hewa ni 1.2, ila ikiingia kwa kasi inachanganyika na hewa kama maziwa kwenye chai. Hesabu salama ni ya kuchanganyika kabisa: kila ukipitisha gesi ujazo mmoja wa chupa inabaki asilimia 37 tu ya hewa ya zamani. Ukipitisha ujazo mara 3 oksijeni imeshuka toka asilimia 21 mpaka kama 1, ukipitisha mara 5 iko chini ya 0.2. Kwa chupa ya 750 mara 5 ni karibu lita 4, weka geji kwenye lita 4 kwa dakika, dakika moja umemaliza. Naitrojeni nayo inafaa kwa hesabu hiyohiyo. Kaboni dioksaidi mi siitumii, inayeyuka sana kwenye waini na inaacha kile kichomo cha soda kwenye ulimi.

Kingine ambacho wengi wanakijua baada ya kuumia ni kimo cha kinywaji. Ukigeuza chupa ukasoma kitako mara nyingi utakuta 75 cl na 63 mm, maana yake ujazo unatimia kinywaji kikiwa milimita 63 chini ya ukingo kwa joto la digrii 20. Ncha ya mrija mfupi ndo inakuonyesha pa kusimama, kinywaji kikiigusa kinaanza kupanda humo na kwenda kwenye kichupa cha kupokea matone, unafunga valvu. Lakini ukichomoa mrija mrefu kimo kinashuka! Mrija wa milimita 8 uliozama sentimita 23 ukichomolewa ukiwa umejaa unaondoka na nafasi ya mililita 11 na kitu, na kwenye shingo nyembamba hiyo ni zaidi ya sentimita 4. Kwahiyo kabla ya kuchomoa legeza koni kidogo, geuza valvu kwenye gesi polepole sana, gesi isukume kile kilichobaki kwenye mrija kiingie kwenye chupa, hapo kushuka kunabaki kama sentimita 2 kwa sababu ya unene wa chuma peke yake. Panga ncha ya mrija mfupi juu zaidi kwa kiasi hicho. Alafu chomoa gesi ikiwa bado inatoka, pole pole, ili ile nafasi ya juu ijae argoni badala ya kunyonya hewa ya chumbani, na kizibo kiwe mkononi tayari. Usiende kukitafuta.

Kinywaji kiingie taratibu mpaka ncha ya mrija izame, kama sekunde 5, ndo ufungue valvu yote.

Hatua ya nne, tanki na gesi. Tanki la waini lisiwe na hewa ndani hata likibaki robo. Njia rahisi kuliko zote ni mfuko laini wenye tabaka za kuzuia oksijeni, kama ule wa waini za boksi, kinywaji kikipungua mfuko unajikunja wenyewe na hauhitaji gesi. Ukitaka kitu cha kudumu chukua kegi (pipa dogo la kufungwa) ya stenlesi, juu ingiza argoni au naitrojeni kwa presha ndogo, nafasi inayoachwa na waini inajazwa na gesi hiyo. Presha ndogo namaanisha ndogo kweli, bar 0.1 mpaka 0.2. Kwa kulinganisha, kila mita 1 ya kimo cha tanki juu ya chupa inakupa karibu bar 0.1, kwahiyo ukiweka tanki juu ya rafu gesi inabaki na kazi ya kujaza nafasi tu na pampu huihitaji.

Mtungi wa argoni unakuja na presha ya bar 150 na kuendelea. Kati yake na kegi lazima kuwe na regyuleta (kipunguza presha) nzuri na valvu ya usalama inayofunguka kwenye bar 0.3, hii sio ya kuruka, chupa ya waini ya kawaida haikutengenezwa kubeba presha na glasi ikipasuka iko usawa wa uso wako. Vaa miwani. Waini zenye mapovu kama shampeni zina presha kama bar 5 mpaka 6 ndani, zinahitaji mashine ya aina nyingine kabisa, usizijaribu na hii.

Na gesi hizi hazina harufu wala rangi. Chumba kidogo kilichofungwa zinaweza kushusha oksijeni chini ya asilimia 19.5 ambapo tayari ni hatari, na mtu hahisi kitu, anaanguka tu. Fungua dirisha na mlango, funga mtungi ukimaliza, usiweke mashine kwenye chumba cha chini ya ardhi maana argoni inajikusanya sehemu za chini.

Mpira kutoka tankini uwe mfupi. Mpira wa milimita 8 kwa ndani wenye urefu wa mita 1 unabeba kama mililita 50, hizo ukianza kazi zimwage au tumia jikoni, usiziingize kwenye chupa ya kwanza.

Hatua ya tano, upande wa pombe kali. Huku argoni sio lazima. Mrija bado ushuke mpaka chini, kwa sababu ya mvuke na umeme tuli. Mrija wa kutolea hewa usiuachie chumbani, urudishe juu ya tanki la pombe hiyohiyo, yaani lita moja ikishuka kwenye chupa lita moja ya hewa yenye mvuke inapanda tankini, duara imefungwa, harufu haipotei na mvuke haujai chumbani. Pombe ya asilimia 40 inaanza kutoa mvuke unaoweza kushika moto kwenye kama digrii 26, hiyo ni siku ya joto la kawaida tu. Kwahiyo hakuna jiko, sigara, wala mota ya kawaida inayotoa cheche karibu. Tumia mvuto wa kimo. Tanki la chuma na kichwa viunganishwe kwa waya na ardhi.

Joto linabadilisha ujazo pia. Lita moja ya etanoli safi ikipanda digrii 10 inavimba kama mililita 11, ya asilimia 40 inavimba kidogo kuliko hiyo ila bado inatosha kusukuma kizibo, usijaze mpaka juu kabisa. Chupa nyingi za pombe kali zina kile kitufe cha plastiki na gololi mdomoni cha kuzuia kujazwa tena, kimewekwa makusudi kupambana na wanaoghushi, kiheshimu. Tumia chupa zako zisizo na nembo ya mtu na andika mwenyewe kilichomo na tarehe. Kuna nchi, Marekani ikiwemo, ambako kujaza tena chupa ya pombe kali iliyokwisha tumika ni kosa kisheria, soma sheria ya ulipo kabla hata ya kuchora.

Hatua ya sita, chupa na usafi. Kila chupa pitisha pamba kwenye ukingo wa mdomo, ikinasa nyuzi kuna mwanya, tupa. Osha na maji moto na sodium pakaboneti (unga mweupe wa kusafishia), suuza, maliza na asidi ya sitriki kidogo, suuza tena, geuza ikauke. Klorini ya kufulia isikaribie kabisa, inakula stenlesi, na ikikutana na ukungu kwenye koki au mbao inaweza kuzaa TCA, ile harufu ya kadibodi yenye unyevu, ambayo pua inaipata hata kwenye nanogramu chache kwa lita. Mirija yote iondoke kwa mkono bila spana, kama haitoki kirahisi hutaiosha kila siku, na ile pembe ya valvu unayoisahau ndo siki inaanzia. Koki haitumiki mara mbili. Kifuniko cha kuzungusha kilichotumika hakibani tena vizuri, weka kipya.

Hatua ya saba, jaribu. Usijaribu na kiberiti, watu wanashusha mwali kwenye chupa ukizimika wanasema oksijeni imeisha, mwali unazimika oksijeni ikiwa bado kama asilimia 16. Na usishike moto karibu na upande wa pombe kali kamwe. Kama una kipima oksijeni iliyoyeyuka, chukua maji yaliyopulizwa naitrojeni mpaka yako chini ya miligramu 0.5 kwa lita, yajaze kwa mashine yako, pima tena, tofauti ndo hewa uliyoiingiza.

Kama huna kipimo kuna njia ya rangi. Changanya maji, glukosi, soda kali (kostiki soda) kidogo na matone ya methilini bluu (dawa ya rangi), ukiacha yatulie rangi inaisha, yakipata oksijeni yanarudi bluu. Yajaze kwa mrija wa majaribio ambao hautagusa kinywaji tena, vaa glavu maana soda inaunguza. Ukitazama kwenye mwanga utaona ukweli wote: ukianza kwa kasi, moshi wa bluu unazunguka pale kwenye ncha, ukipita taratibu maji yanapanda bila rangi, na ukichomoa bila gesi unaona pete ya bluu inajichora kwenye shingo taratibu. Nilibadilisha ncha ya mrija mara nne kwa sababu ya ule moshi.

Mwisho linganisha chupa mbili za waini ileile kutoka katoni lilelile, moja ijaze kwa mashine na nyingine iache kama ilivyo uifungue mpya siku ya kuonja. Baada ya siku 7 mtu mwingine akumiminie glasi tatu, mbili za aina moja, bila kukuambia zipi. Rudia na watu kadhaa. Kama wengi wanaitambua ile tofauti na wanataja tofaa au karanga, angalia kwanza kuchomoa na kufunga, alafu muda wa gesi, alafu urefu wa silikoni, kwa mpangilio huo.